Filister Nelima Alivyokaa Kona Wiki Nzima Akiwa Malava

Filister Nelima hauzi mboga. Anakaa, na mboga zinauzwa. Mimi nauza viatu vya mtumba mkono wake wa kushoto hapa Kawangware 56, huu ni mwaka wa kumi na nne, na sijawahi kumsikia akimwambia mteja karibu. Mimi nikiona mtu ametupia kiatu jicho nimeshamwita kastoma, nimeshamuuliza anavaa namba ngapi, nimeshamkunjia soli aone haipasuki. Yeye anafunga mikono kifuani na kumwangalia mnunuzi mpaka mnunuzi mwenyewe anaanza kujitetea.

"Nilikuwa nauliza tu, Mama Timo."

Basi. Ameuliza, atanunua.

Anauza mrenda, sucha, mitoo, saga, na kunde zikiwa na msimu. Mboga zake si mbichi kuliko za wengine, nimezishika, najua. Kinachouza ni ile kona. Iko pale njia ya kutoka steji inapokutana na njia ya kwenda Kawangware 46, kwa hiyo mtu akishuka gari jioni, kabla hajakumbuka kwamba nyumbani hakuna mboga, ameshagongana na macho ya Filister.

Kona hiyo aliipata hivi. Alikuja Nairobi kutoka Malava akiwa na mimba ya Timothy, akafua nguo za watu Lavington miaka saba, mgongo ukakataa. Mume wake, Shivachi, alienda Kampala kutafuta kazi na mpaka leo anaitafuta. Wakati huo kona ilikuwa jalala, na hakuna aliyeitaka. Siku takataka zilipozolewa, kila mtu aliitaka kwa pamoja. Mmoja alileta barua ya chifu. Mwingine alileta mjomba wake askari. Filister alileta ndoo, akaigeuza juu chini, akaikalia. Alikaa siku tisa. Alikula hapo, alinyeshewa hapo, aligombana hapo bila kuinuka. Kufika siku ya tisa, mjomba askari alikuwa amehamishwa na wengine walikuwa wamepata shughuli kwingine. Ukitaka maisha yake kwa ufupi, ni hayo: wenzake walienda mahali, yeye akakaa.

"Makalio haya," aliniambia siku moja bila kucheka, "yamesomesha mtoto mpaka akawa fundi wa kuchomelea."

Sasa, kuna kanuni ya soko ambayo lazima niieleze, maana bila hiyo yaliyofuata yataonekana ni wazimu. Kulitokea mtindo wa watu kukodisha nafasi. Mtu ana nafasi hapa, yeye anaishi Rongai, amemweka binamu auze. Filister ndiye aliyesimama mkutanoni, mara moja katika maisha yake, akasema: "Kila asubuhi mwenyekiti apite na daftari. Sura ya mwenye nafasi isipoonekana mahali pake siku tatu mfululizo, nafasi iende kwa wa kwanza kwenye orodha ya wanaongoja. Si dada, si binamu, si mtoto. Sura yake mwenyewe."

Ikapita. Ilikuwa imemlenga Mumbi, aliyeuza vifuniko vya simu kwenye nafasi ya binamu yake, akiwa na spika ya kuita wateja iliyokuwa ikinitetemesha meno. Mumbi alitolewa. Hakulia. Alienda moja kwa moja kwa mwenyekiti akaandikwa wa kwanza kwenye orodha, na tangu siku hiyo huuza akitembea, sinia mkononi na stuli ya plastiki imening'inia begani. Hiyo stuli haikuwa ya kupumzikia.

Mwenyekiti wetu anaitwa Naftaly. Alikuwa karani wa kiwanda cha biskuti miaka thelathini, na anasoma kanuni vile wengine wanasoma kipimo cha dawa: kama imeandikwa kijiko kimoja, ni kimoja.

Mwezi wa pili wakaja hawa wa Waya na Gundi. Ni kikundi cha vijana wanane wa Kibera, wanafanyia kazi kwenye jengo la zamani la posho mill karibu na Olympic. Mkubwa wao wa maneno ni Ojwang, mrefu, kofia ya kufuma hata jua likiwaka. Nikamuuliza wanafanya nini.

"Sisi ni kolektivu, mathe. Tunachora, tunacheza dansi, tunapiga ngoma, tunashona, tunachomelea, tunashoot video."

"Hiyo yote ni kazi ya nani?"

"Ya kila mtu."

"Na ikiharibika, analaumiwa nani?"

Alifikiri. "Kila mtu."

Nikajua hawa hawatanisumbua kwenye bei.

Akaeleza mradi wao. Ukienda taun, alisema, sanamu zote zimesimama. Mtu amesimama, ameinua mkono, anaelekeza mahali ambapo yeye mwenyewe hajawahi kwenda. Lakini mji huu unaendeshwa na watu waliokaa: fundi wa viatu, mlinzi wa geti, mama mboga. Kwa hiyo wao watatengeneza sanamu saba kubwa za watu wanaofanya kazi wamekaa, wazibebe kwa miguu kutoka Kawangware 46 mpaka Olympic, ngoma zikiwa mbele. Mradi ulikuwa unaitwa Tumekaa.

Filister alikuwa ameshafunga mikono. Binti mmoja wa kikundi, Celine, ambaye ndiye huunda sura, alikuwa ametoa penseli bila kuomba ruhusa. "Huyu," alisema polepole. "Huyu hata hahitaji kuambiwa akae."

"Mnataka sura yangu ya nini?" Filister akauliza. "Mimi bado naitumia."

Ojwang akasema wangempa elfu mbili na fulana. Hapo nikaingilia. Nilikuwa nimepita Olympic juzi yake kuchukua bunda la viatu, nikaona lile jengo lao: sanamu sita zimelaliana kama abiria wa basi la Krismasi, na paa linavuja.

"Hii itakuwa na urefu gani?"

"Futi nane. Akiwa amekaa."

"Na mtaiweka wapi mkingoja siku ya maandamano?"

Wakaangaliana. Kila mtu alikuwa anamngoja kila mtu.

"Elfu tatu," nikasema, "fulana mbili, na sanamu ikikauka mnaileta hapa ikae nasi mpaka siku yenyewe. Mnapata stoo ya bure."

Ukweli ni kwamba nilitaka kivuli. Jua la saa nane linayeyusha gundi ya viatu vyangu, na mwanamke wa futi nane ni kivuli kizuri. Wakakubali, tukaandikishana kwenye karatasi. Filister akauliza fulana moja ni yake, ya pili ni ya nani. Nikamwambia ya dalali.

Celine akampima palepale kwa utepe wa fundi cherehani, akitaja namba kwa sauti na Ojwang akiandika. Alipofika kwenye paja akasema, "Weka karibu sabini." Filister akamshika mkono. "Usiweke karibu. Weka kamili." Ikawekwa sabini na nne, na watu wa steji nzima wakaijua.

Waliileta Jumatano moja mchana, juu ya mkokoteni. Mifupa yake ilikuwa fito na waya, ngozi yake karatasi za mifuko ya saruji zilizogandishwa kwa gundi ya unga, sketi yake leso ishirini na nane zilizoshonwa pamoja. Ndani ilikuwa tupu kabisa, unaweza kuingiza familia. Lakini sura, sitaki kudanganya, sura ilikuwa yake. Ilikuwa na lile jicho la mtu aliyekusikia ukitaja bei yako na anangoja uone aibu. Filister aliizunguka mara moja.

"Shingo ni ya mtu mwingine," alisema, akarudi kukaa.

Tukaiegemeza nyuma, kwenye ukuta wa saluni. Jioni ileile kaka yake Walubengo akapiga simu kutoka Malava. Sorveya alikuwa anakuja Ijumaa kugawanya shamba la marehemu baba yao, na wazee wa ukoo walikuwa wamekubaliana kwamba asiyesimama shambani kwa miguu yake mwenyewe siku ya kupimwa, asije akadai hata mahali pa kupanda kitunguu.

"Huko nisiposimama nakosa shamba," Filister akaniambia. "Hapa nisipokaa nakosa kona." Akahesabu kwa vidole. "Alhamisi sipo. Ijumaa sipo. Jumamosi asubuhi nimerudi. Mbili tu. Daftari linaruhusu mbili."

Akaniachia mboga nimuuzie, akaenda.

Ijumaa mchana akapiga. Sorveya hakuwa amekuja; mashine yake ilikuwa imeenda Bungoma kwa kazi nyingine bila yeye. Angekuja Jumatatu. Filister hangeweza kuondoka, kwa sababu Walubengo alikuwa anamwambia kwa upole mwingi sana aende tu Nairobi kutafuta pesa. Kaka anayekubembeleza uondoke kwenye shamba, huyo unamkalia.

"Kesho ni ya tatu," nikamwambia.

"Najua ni ya tatu. Mimi ndiye niliisema hiyo tatu."

Usiku huo sikulala, na si kwa sababu ya huruma. Huruma sina. Nilikesha nikifikiria ile spika ya Mumbi ikipiga kelele mkono wangu wa kulia kuanzia asubuhi mpaka jioni kwa miaka mingine kumi na nne. Jumamosi saa kumi na mbili na nusu asubuhi nikawaomba watu wawili wa bodaboda, tukaibeba sanamu, tukaikalisha kwenye kona, ikaifunika ile ndoo ya Filister, tukaitandazia sketi. Nikapanga mafungu ya mrenda mbele yake.

Mumbi alifika kabla ya mwenyekiti. Alikuwa amevaa vizuri, kama mtu anayeenda kupokea funguo. Alisimama akaitazama sanamu, akacheka kidogo, akashusha stuli begani. Naftaly akaja na daftari, akafungua ukurasa, akasoma jina, akainua macho. Akaendelea kuinua.

"Ongezeni nafasi tuone vizuri," alisema. Tukasogea. "Sura ya mwenye nafasi inaonekana mahali pake?"

"Mwenyekiti," Mumbi akasema, "hiyo ni karatasi."

"Sijauliza ni nini. Ni sura ya nani?"

Muuza ndizi wa ng'ambo ya barabara akajibu kwa niaba ya Mumbi: "Ni ya Mama Timo. Hata ukiwa mbali unaogopa."

"Mwenyekiti, karatasi haiwezi kuwa na nafasi sokoni."

"Kanuni haisemi sura iwe ya kitu gani," Naftaly alisema. "Ingetaka nyama ingesema nyama. Siku tunaiandika mimi nilimwambia Filister tuongeze neno 'hai'. Alikataa, akasema hiyo ni ya nini, tutajaza karatasi bure." Akaweka alama. Halafu, kwa sababu yeye si mtu wa kumpendelea mtu, akaongeza: "Lakini siku za neema zimeisha. Mbili zimeliwa, hii ya tatu imeokolewa na hiki kitu. Kikiinuka hapo na mahali pakabaki wazi mbele yangu, wa kwanza kwenye orodha akikaa, amekaa."

"Hata kama ni dakika moja?"

"Kanuni haitaji dakika."

Mumbi akairudisha stuli begani. Kuanzia siku hiyo hakwenda kuuza mbali. Alikuwa anazunguka ile kona kama mtu aliyepoteza sindano.

Mimi nikampigia Filister nikamweleza yote, kisha nikauza. Nilikaa nyuma ya sketi, mteja akifika anauliza bei akiangalia juu, mimi najibu kutoka chini. Filister alikuwa anauza fungu la mrenda ishirini. Nikasema thelathini, nione. Mteja aliangalia ile sura, ile sura ikamwangalia, akatoa thelathini. Hakuna aliyeomba nyongeza wiki nzima. Mama mmoja wa Kawangware 46 alinunua siku tatu mfululizo bila kushtuka, siku ya nne akaninong'oneza kwamba Mama Timo siku hizi amenawiri, bila shaka mwanawe anamtunza. Jumanne mlinzi mmoja anayetoka zamu aliketi kwenye jiwe mbele yake akamweleza mambo ya mke wake kwa nusu saa. Alipoinuka akashukuru. Alisema tangu aje Nairobi hajapata mtu wa kumsikiliza bila kumkatiza. Nikamuuzia saga mafungu mawili.

Kule Malava, Jumatatu sorveya hakuja tena. Alikuwa na mazishi. Ikawa Alhamisi. Alhamisi akaja kweli, na hapo ndipo mambo yalipotaka kutuharibikia pande zote mbili.

Kuna kijana wa huko kwao anaitwa Khamala, mtoto wa Walubengo, yuko hapa mjini anabeba mizigo kwenye maduka ya vyuma. Hakujua lolote kuhusu sanamu. Alhamisi saa nne akapita haraka na mabomba begani, akamwona shangazi yake, akasimama kwa heshima.

"Mulembe, senje."

Kimya.

"Senje, mulembe. Habari ya asubuhi?"

Mimi nilikuwa nimeenda msalani. Wanasema alisalimia mara nne. Kisha akaenda zake na uchungu, akampigia baba yake: senje Filister amenidharau hapa Kawangware mbele ya watu, eti kwa sababu mimi nabeba mabomba.

Sasa Walubengo anapokea simu hiyo amesimama shambani, sorveya yuko hapa, wazee wako hapa, na Filister mwenyewe yuko hatua tatu mbele yake amekanyaga udongo wa baba yake. Mtu mwingine angemwambia mtoto wake umechanganyikiwa. Walubengo aliweka simu kwenye sauti kubwa akamwambia arudie.

"Wazee mmesikia," akasema. "Filister yuko Nairobi."

Filister akanipigia. Nyuma yake nilisikia wanaume wengi wakijadiliana.

"Mama Mourine, unaniua. Sorveya anasema hawezi kumpimia mtu ambaye yuko mahali pawili. Anasema fomu ina nafasi ya sehemu moja."

"Si wanakuona?"

"Wananiona. Wanasema kuonekana si shida. Shida ni kwamba nimeonekana kwingine pia."

Nikakimbia mpaka maduka ya vyuma, nikamrudisha Khamala na mabomba yake. Nikamwambia apande juu ya kreti aguse shavu. Akagusa. Shavu likabonyea. Akapiga simu palepale juu ya kreti.

"Baba," alisema, "senje ni wa karatasi."

Hiyo haikusaidia. Wazee walichukua saa nzima kumkagua Filister, na mzee mmoja alisisitiza amshike mkono kwanza. Mwishowe sorveya, ambaye alikuwa anataka kumaliza kabla ya mvua, alimwambia asimame kwenye kona ya shamba na asisogee mpaka mnyororo wa kupimia upite. Sidhani kuna mtu aliyewahi kupewa amri rahisi kama hiyo. Alipimiwa robo ekari upande wa mto. Akanipigia Ijumaa jioni kwamba amepanda basi.

Lakini Jumamosi ndiyo ilikuwa siku ya maandamano.

Saa nne asubuhi Waya na Gundi walifika na ngoma na miti minne ya kubebea. Zile sanamu nyingine sita zilikuwa zimeshapangwa Kawangware 46 zinangoja. Naftaly alikuwapo. Mumbi alikuwapo, hatua mbili kutoka kwenye sketi, stuli mkononi sasa, si begani. Nusu ya soko ilikuwapo.

Nikampigia Filister. "Uko wapi?"

"Kangemi. Nashuka. Natafuta boda."

"Mathe, tumekuja kumchukua," Ojwang akasema.

"Ngoja kwanza. Tunakabidhiana. Leta ile karatasi tuangalie hali yake." Nikaizunguka sanamu polepole. "Hapa kwenye sikio kuna ufa. Huu ufa alikuja nao ama ameupatia hapa?"

"Haidhuru, mathe."

"Kwangu inadhuru. Kesho mtaniambia nimewaharibia mtu." Nikataka ufa uandikwe. Nikataka leso zihesabiwe. Zilipofika ishirini na saba nikasema mmekosea, anzeni upya.

"Wainue tu," Mumbi akasema. "Mimi sina haraka, lakini wainue."

Ojwang alikuwa anaangalia saa. Kibali chao cha polisi kilikuwa kinaisha saa sita. Nikamnong'oneza sikioni shida ni nini, akafikiri, uso ukang'aa. "Basi tubadilishe wazo lenyewe," akasema kwa sauti. "Yeye asiinuke. Yeye abaki, zile sita ndizo zije kumtembelea. Mji wote uandamane kumzunguka aliyekaa."

"Ojwang," Celine akasema, "shika mti."

Wakaingiza miti. Hapo ndipo nilipomwona Filister. Alikuwa ametokea nyuma ya saluni, amevaa ile suti yake ya bluu ya harusi na mazishi, viatu vimejaa udongo wa Malava, mkoba kwapani. Hakuita. Alisimama kule nyuma akaiona hali yote kwa mara moja: Naftaly, Mumbi, stuli, miti. Akipita mbele kusema nimerudi, nafasi bado ina mwenye kuikalia. Akingoja iinuliwe, Mumbi yuko karibu kuliko yeye na ana magoti mazuri.

Nikamshika Mumbi mkono. "Njoo uone, kuna viatu hapa nimekuwekea. Namba thelathini na nane. Ngozi."

"Sitaki viatu."

"Mia tatu."

"Nimesema sitaki."

"Mia moja na hamsini." Hapo aligeuza kichwa. Hakuna binadamu Kawangware anayeweza kusikia kiatu cha ngozi kikishuka nusu bei asigeuze kichwa.

Celine aliinama upande wa nyuma akaishika sketi kama anayerekebisha pindo. Nilichoona ni soli mbili zenye udongo zikipotea chini ya leso.

"Mia moja na hamsini kweli?" Mumbi akauliza, kisha akajishika, akarudi mbio mahali pake. "Mama Mourine, wewe ni mwongo."

Sanamu ikapiga chafya.

"Afya," Naftaly akasema bila kuinua macho kwenye daftari.

Mumbi aliangalia juu, kwenye ule uso mkubwa, akaona haujabadilika. Nadhani akajiambia ni mtu wa nyuma. Akageuka, akaipa mgongo ile kona, akaishika stuli nyuma yake kwa mikono miwili, magoti yamekunjwa kidogo, tayari.

"Moja, mbili, inueni," Celine akasema.

Wanne wakainua. Sanamu ikapanda, leso zote zikapanda pamoja nayo, na pindo lilipofika kiunoni mwa mtu mzima, Mumbi alijirusha nyuma kwa nguvu zote. Stuli ilimponyoka ikaenda kuangukia mafungu ya sucha. Yeye akakaa.

Filister alikuwa juu ya ndoo yake, mkoba miguuni, vumbi la saruji kichwani, amenyooka. Mumbi alikuwa mapajani mwake.

Ngoma zilikuwa zimeanza kupigwa, zikafa moja moja.

"Mwenyekiti," Mumbi alisema, bado amekaa, "hapa palikuwa wazi."

"Palikuwa wazi lini?"

"Kabla sijakaa."

"Umekalia nini?"

Mumbi alijisogeza kidogo, kama mtu anayejaribu godoro dukani. Si mjinga, alikuwa anatafuta neno lingine lolote ambalo lingefaa.

"Mama Timo," akasema.

Naftaly akasogea akamtazama Filister usoni, kisha akaitazama ile sura ya futi nane iliyokuwa inaning'inia hewani na vijana wanne wanatoka jasho chini yake. "Sura imeonekana," akasema, "na hakuna pengo." Akaweka alama. Akafikiri, akaweka ya pili karibu na ya kwanza, kwa sababu siku hiyo zilikuwa zimeonekana mbili na yeye si mtu wa kuficha mambo kwenye daftari.

Waya na Gundi wakaondoka mbio na sanamu yao, ngoma zikarudi, nusu ya soko ikawafuata kuelekea 46. Mumbi akataka kuinuka. Hakuweza. Mkono wa Filister ulikuwa umepita mbele ya tumbo lake, si kwa nguvu, umekaa tu hapo.

"Umenipondea sucha," Filister akasema.

"Ni stuli, Mama Timo. Iliniponyoka."

"Stuli ni ya nani?"

Mumbi akaangalia sucha. Mafungu mawili yalikuwa yamebondeka, la tatu lilikuwa na mguu wa stuli katikati.

"Nitachukua hayo mawili," akasema.

Mkono haukusogea. Mteja mmoja akapita, akawaona jinsi walivyokaa, akasalimia wote wawili, akaendelea. Jua lilikuwa limeanza kuwa kali, na kile kivuli changu kilikuwa kimeshafika Kawangware 46.

"Haya, matatu," Mumbi akasema, na mkono ukaondoka.